Sura ya Sita: Ile Namba Ndogo ya Pembeni

Mtu akipata noti ya dola isiyo ya kawaida, labda kaikuta kwenye kasha la marehemu babu, labda kalipwa na mtalii, swali la kwanza ni lilelile siku zote: ina bei? Anaiinua kwenye mwanga. Anaona namba ndefu ya kijani, anaona mwaka, anaona sura ya rais. Kisha, akiwa na macho mazuri au simu yenye kamera nzuri, anagundua kuna vitu vingine vimejibanza pembeni: F2 juu kushoto, F 103 chini kulia, na mgongoni mwa noti namba nyingine peke yake, tuseme 87. Hapo linakuja swali la pili, na hili ndilo ninaloulizwa zaidi: na hizi nazo ni za nini?

Hizo ni namba za bamba. Katika sura hii tutaona zinatoka wapi, zinasomwaje, na kwa nini kuna watu wazima wenye akili timamu wanaokesha na kioo cha kukuzia wakitafuta noti ya dola 5 yenye namba 637 mgongoni. Nimechagua dola ya Marekani kwa sababu ndiyo noti ya kigeni inayopita mikononi mwetu kuliko nyingine, na kwa sababu Wamarekani wamekuwa wakiandika namba za mabamba yao waziwazi juu ya noti kwa zaidi ya karne moja.

Kabla hatujaenda mbali, niondoe hofu moja. Maduka mengi ya kubadilisha fedha huku kwetu hukataa dola za zamani, hasa zile zenye picha ndogo ya rais, au huzipokea kwa bei ya chini. Huo ni utaratibu wa biashara yao. Serikali ya Marekani yenyewe haijafuta noti zake: iliyotolewa tangu 1861 bado ina thamani iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo noti ya babu haijafa hata kama mwenye duka ameirudisha kwa kuisukuma kwa kidole kimoja.

Namba ya noti na namba ya bamba

Ile namba ndefu ya kijani inaitwa namba ya noti. Kila noti inapewa yake, na haitakiwi kufanana na ya nyingine ya aina ileile na toleo lilelile. (Neno "haitakiwi" lina mtego wake; tutafika huko mwishoni.) Namba hiyo hupigwa mwisho kabisa, pamoja na muhuri wa Hazina, wakati noti imeshachapwa mbele na nyuma.

Namba ya bamba ni kitu kingine. Bamba ni kipande cha chuma chenye picha ya noti, ambacho hupakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Namba yake imechongwa ndani ya chuma hichohicho, kwa hiyo inachapwa pamoja na picha, na itaonekana kwenye kila noti iliyotoka katika bamba lile, ziwe elfu kumi au laki kadhaa.

Chukua kanga. Maneno ya katikati, yaani jina la kanga, husomwa na kila mtu barabarani. Lakini ukingoni kuna maandishi madogo ya kiwanda: mwenye mali ni nani, muundo ni namba ngapi. Mama anayeuza kanga akitaka kuagiza doti nyingine za aina ileile hatosheki na jina, maana jina moja linaweza kuchapwa kwenye miundo tofauti. Anafunua pindo na kusoma ukingo. Mkusanyaji wa noti naye anasoma ukingo.

Bamba linavyotengenezwa, na kwa nini lina namba

Dola huchapwa na Idara ya Uchongaji na Uchapaji ya Marekani. Ina viwanda viwili: cha Washington, ambacho ndicho kikongwe, na cha Fort Worth katika jimbo la Texas, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa njia ya zamani, mchongaji alikaa na kipande cha chuma laini na kuchonga picha kinyumenyume, mstari kwa mstari. Sura ya rais ilikuwa ya fundi mmoja, maandishi ya mwingine, nakshi za wa tatu. Chuma kikishachongwa kilichomwa kikawa kigumu, kisha kikabiringishiwa gurudumu la chuma laini kwa nguvu kubwa mpaka gurudumu likabeba picha. Gurudumu nalo likachomwa likawa gumu, na kutoka hapo picha ikahamishiwa mara nyingi kwenye bamba kubwa. Baadaye zilikuja njia za kutumia umeme kuotesha chuma juu ya bamba mama, na leo kompyuta inafanya sehemu kubwa ya kazi. Jambo moja halikubadilika: wino unakaa ndani ya mikato iliyochongwa, na mashine inaikandamiza karatasi mpaka iufuate wino mle ndani. Ndiyo maana noti mpya ya dola ina mikunjomikunjo ya wino iliyoinuka. Pitisha ukucha kwenye bega la rais, utausikia.

Bamba la kuchapia noti ni mali ya hatari kuliko noti yenyewe. Likipotea moja, mwizi anaweza kuchapa fedha halali kwa macho ya mtu yeyote. Kwa hiyo kila bamba lilipewa namba, likaandikwa kwenye leja, likatoka stoo kwa saini na kurudi kwa saini. Leja zilionyesha lini bamba limekwenda mashineni, lini limetolewa, lini limefutwa kwa sababu limechakaa. Namba haikuwekwa kwa ajili ya wakusanyaji hata kidogo. Iliwekwa ili mkaguzi akishika noti yenye kasoro, au noti bandia iliyonakiliwa kutoka kwenye noti halali, ajue hasa aanze kuuliza wapi.

Bahati njema kwa sisi tuliokuja baadaye, nakala za kuhakiki zilizochapwa kutoka kwenye mabamba hayo nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington. Watafiti kama Peter Huntoon, ambaye kwa taaluma ni mwanajiolojia, wamezipitia pamoja na leja na kutueleza ni bamba lipi lilifanya kazi lini. Hapo ndipo hobi ya kukusanya noti ilipopata kitu kama cheti cha kuzaliwa.

Tusome noti moja ya dola

Shika noti ya dola 1 ya miaka ya karibuni, uso ukikutazama.

- Juu kushoto, jirani na tarakimu kubwa ya 1 ya pembeni: herufi na namba, kwa mfano F2. Hii ni nafasi ya noti kwenye karatasi.
- Chini kulia: herufi ileile na namba ya bamba la uso, kwa mfano F 103. Ukiona FW ndogo mbele yake, noti imechapwa Fort Worth. Isipokuwapo, ni ya Washington.
- Mgongoni, chini kulia, karibu na herufi E ya neno kubwa ONE: namba ya bamba la mgongo.

Hiyo F2 inahitaji maelezo. Noti hazichapwi moja moja. Huchapwa nyingi kwenye karatasi kubwa, ambayo wachapaji huiita shiti, kisha zikakatwa. Noti za ukubwa wa sasa zilianza na shiti ya noti 12, zikaja 18 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kuanzia 1957 zikawa 32. Shiti ya noti 32 imegawanywa robo nne: robo ya 1 juu kushoto, ya 2 chini kushoto, ya 3 juu kulia, ya 4 chini kulia. Kila robo ina noti nane, kutoka A hadi H. F2 basi ni noti ya sita katika robo ya pili. Katika miaka ya 2010 zilianza kutoka dola 1 za shiti ya noti 50, na hapo nafasi zinakwenda mpaka J5. Ukikuta herufi I au J, au namba 5, juu kushoto mwa dola 1, umeshika noti ya shiti kubwa.

Sasa angalia uzuri wake. Kwa muda mrefu dola 1 za shiti ya noti 32 zilipigwa namba kwa mafungu ya shiti 200,000. Mara 32 hiyo ni noti milioni 6.4. Lakini namba hazikufuatana ndani ya shiti. Zilifuatana kwa rundo: nafasi ya A1 ilipewa namba 200,000 za kwanza, B1 ikapewa 200,000 zilizofuata, hadi H1, kisha A2, na kuendelea. Hivyo shiti zikikatwa, kila rundo linatoka likiwa tayari limejipanga.

Tuseme uko kwenye fungu la kwanza, linaloanzia 00000001. Noti yenye namba 00500000 iko wapi? Namba 200,000 za kwanza ni za A1, 200,000 za pili ni za B1, na kutoka 00400001 hadi 00600000 ni za C1. Kwa hiyo noti hiyo lazima iwe na C1 juu kushoto. Na yenye 03300001? Robo ya kwanza inakula 1,600,000, ya pili inafikisha 3,200,000, kwa hiyo yetu ni ya A3. Noti ikisema vinginevyo, uliza maswali. Ama ni ya mafungu ya ukubwa mwingine (zamani yalikuwa ya shiti 20,000, na shiti za noti 50 zina hesabu yake), ama mtu amebadilisha namba ili kutengeneza "noti adimu". Watu wanaofuta tarakimu na kuchora nyingine ili wapate 00000007 huwa hodari sana wa rangi, na wengi wao hawajui kwamba ile herufi ndogo ya pembeni inawasema.

> Kwa kifupi: namba ya noti ni ya noti moja. Namba ya bamba ni ya noti zote zilizotoka kwenye chuma kimoja. Herufi ya nafasi ni kiti ambacho noti ilikalia kwenye shiti. Vitu hivi vitatu lazima vikubaliane.

Uso hubadilika, mgongo unadumu

Uso wa dola una saini mbili: ya Mweka Hazina wa Marekani na ya Waziri wa Fedha. Una pia mwaka wa toleo, ulioandikwa kwa neno SERIES. Akija waziri mpya, mabamba ya uso yanapitwa na wakati. Mgongo hauna saini wala mwaka. Bamba la mgongo liko palepale, linaendelea kufanya kazi chini ya mawaziri watatu au wanne mpaka lichakae. Kwa hiyo uso wa noti na mgongo wake vinaweza kuwa na umri tofauti kabisa, na hakuna aliyekosea.

Jambo hili lilipita kimya mpaka 1938. Mwaka huo waliamua kwamba namba za mabamba zilikuwa ndogo mno kusomeka kwa urahisi. Zilikuwa na urefu wa takriban milimita 0.6, wakazikuza zikawa kama milimita 1. Kwa mabamba ya uso wakabadilisha na jina la toleo: 1934 ikawa 1934A, 1935 ikawa 1935A, ingawa saini zilikuwa zilezile, za W. A. Julian na Henry Morgenthau. Ukishangaa kwa nini matoleo mawili yana watu walewale, sababu ni hiyo namba iliyoongezeka kwa chini ya nusu milimita.

Lakini nani angetupa chuma kizima kwa sababu namba yake ni ndogo? Mabamba ya zamani ya mgongo yaliendelea kuchapa sambamba na mabamba mapya ya uso, na kinyume chake pia. Zikatoka noti zenye namba ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili. Wakusanyaji wanaziita nyumbu, kwa maana ya mnyama wa punda na farasi.

Kuzitambua si kazi ngumu. Kwa dola 1 ya wakati huo, namba ya mgongo ikiwa 929 au chini yake, ni ya aina ndogo. 930 na kuendelea ni kubwa. Kwa dola 5 mpaka uko kwenye 938. Hivyo dola 1 ya toleo la 1935A yenye mgongo namba 905 ni nyumbu, na ya 1935 yenye mgongo namba 950 ni nyumbu pia. Huna haja ya kupima kwa rula, ingawa ukiziweka mbili pamoja chini ya kioo cha sonara tofauti inaonekana mara moja: moja unaisoma, nyingine unaikisia.

*Bamba namba 637*

Katika habari zote za nyumbu, ninayoipenda ni hii. Katikati ya miaka ya 1930, idara ilitengeneza bamba la mgongo wa dola 5, namba 637, kwa namba ndogo za mtindo wa wakati ule. Halikupelekwa mashineni. Lilibaki kuwa bamba mama, la kuzalishia mabamba mengine. Namba kubwa zikaja 1938, wenzake wa rika lake wakachapa, wakachakaa, wakafutwa. Yeye yupo stoo.

Kisha mtu fulani akaona kwamba chuma kizuri kimekaa bure. Likamaliziwa, na kati ya 1945 na 1949 likachapa migongo ya dola 5. Matokeo yake ni noti za toleo la 1934A, 1934B, hata 1934C, iliyo na saini ya waziri John Snyder aliyeingia madarakani 1946, zikiwa na ile namba ndogo iliyoachwa karibu miaka 10 nyuma. Anayetazama mwaka na saini haoni chochote. Dola 5 mbili za 1934C zinalingana kwa kila hali, ila moja ina 637 kwa maandishi madogo, na hiyo ndiyo inayowekwa kwenye jalada la plastiki na kuandikiwa maelezo.

Mara nyingine namba ya bamba ni njia rahisi ya kupata jibu la swali jingine. Dola 1 ya toleo la 1935D, yenye saini ya Georgia Neese Clark, mwanamke wa kwanza kuwa Mweka Hazina wa Marekani, iko ya aina mbili: yenye mgongo mpana na yenye mgongo mwembamba. Tofauti ni takriban milimita moja na nusu, na noti iliyokatwa vibaya itakudanganya. Angalia namba ya mgongo. Ikiwa 5015 au chini yake ni mpana. Ikiwa 5017 au zaidi ni mwembamba.

Noti zisizo na herufi

Kuna kisa kingine ambacho namba husimulia kwa kutokuwepo. Kati ya 1992 na 1996 idara ilijaribu mashine ya kuchapa dola 1 kwenye karatasi ya roli isiyokatwa, kama magazeti yanavyochapwa, uso na mgongo kwa safari moja. Silinda moja ilibeba noti 96. Kwa mpangilio huo nafasi ya A1 au F2 haikuwa na maana, kwa hiyo hawakuiweka. Mashine ilisumbua, ikala fedha nyingi, ikaachwa.

Noti zake zilishaingia mtaani: za toleo la 1988A, 1993 na 1995. Ukishika dola 1 ya moja ya matoleo hayo, tazama juu kushoto. Pakiwa patupu, na chini kulia pana namba bila herufi, geuza: namba ya mgongo itakuwa imepanda juu ya E ya ONE, karibu na neno TRUST. Sijui noti nyingine ya kisasa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitambua kwa urahisi hivi bila vifaa, na dola 1 za miaka ile bado ziko kwenye droo za watu waliowahi kufanya kazi hotelini au bandarini.

Wakusanyaji wa stempu walitutangulia katika mchezo huu. Stempu nyekundu ya peni moja ya Malkia Victoria, kuanzia 1864, ilichongwa namba ya bamba ndani ya nakshi za pembeni, kutoka 71 hadi 225. Bamba namba 77 lilikataliwa kwa kasoro, lakini karatasi chache zikaponyoka. Stempu za bamba la 76 na 78 ni za bei ya chakula cha mchana. Ya 77 ni ya bei ya nyumba.

Huku kwetu, anayekusanya noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hutazama zaidi tarehe, saini za wajumbe zilizoko chini ya noti, na herufi zinazotangulia namba. Anayekusanya noti za dharura za rupia, ambazo Wajerumani walizichapa Dar es Salaam na Tabora wakati wa vita, mwaka 1915 na 1916, hutazama herufi, saini na aina ya karatasi, kwa sababu wakati ule walichapa kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Alama ni nyingine, tabia ya kusoma ukingo ni ileile.

Je, namba ya bamba inaongeza bei?

Mara nyingi, hapana. Nasema hivi mapema kwa sababu kila wiki huzunguka picha kwenye makundi ya simu: "Kama una dola yenye namba hii, umetajirika." Dola 1 ya 2017 yenye bamba namba 44 ni dola 1. Kuna watu wanaopenda noti ambazo namba ya uso na ya mgongo zinafanana, kuna wanaotafuta bamba namba 1 la kila toleo. Ni burudani nzuri, na bei yake ni ya burudani.

Namba inaongeza bei pale inapoithibitisha noti kuwa ya kundi dogo ambalo watu wengi wanalitaka. Vitu viwili hivyo lazima vikutane. Kuna nyumbu walio wachache mno lakini wanunuzi wao ni wachache zaidi. Kuna wengine wa 1935A ambao ni wa kawaida kabisa. Na juu ya yote kuna hali ya noti: noti iliyokunjwa mara nne na kukaa kwenye pochi miaka 20 itapata sehemu ndogo tu ya bei ya mwenzake iliyo safi. Ukiona umepata kitu, usiioshe, usiipige pasi, usiisugue doa. Pasi inalaza wino ulioinuka, na mnunuzi mzoefu atalijua hilo kwa ukucha kabla hajavaa miwani.

Pale namba ya noti iliposhindwa

Nilisema namba ya noti haitakiwi kufanana na nyingine. Idara ina noti maalumu za kuziba pengo la zilizoharibika kiwandani; namba yake inaishia na nyota. Kwa toleo la 2013, zilihitajika dola 1 za nyota kwa ajili ya Benki ya Akiba ya New York. Agizo likatekelezwa mara mbili, Novemba 2014 na Julai 2016, kiwanda cha Washington kikachapa na cha Fort Worth kikachapa, kwa namba zilezile. Jozi zaidi ya milioni 6 zikaingia mtaani, kila noti ikiwa na pacha mwenye namba moja naye.

Noti inayohusika ni hii:

- ni ya dola 1, imeandikwa SERIES 2013;
- muhuri wa benki una herufi B;
- namba inaishia na nyota;
- namba iko kati ya B00000001 na B00250000, au kati ya B03200001 na B09600000.

Namba ya kijani, ile ambayo kazi yake yote ni kutofautisha noti na noti, hapa haisaidii kitu. Kinachotenganisha mapacha hawa ni ile kona ya chini kulia: mmoja ana FW mbele ya namba ya bamba, mwingine hana. Kwa miaka kadhaa sasa wakusanyaji wamekuwa wakiorodhesha noti hizi na kuunganisha walio na nusu za jozi. Habari za kwamba noti moja inauzwa dola 150,000 zipuuze. Anayelipa fedha ya maana hulipia jozi kamili iliyo katika hali nzuri, na noti moja iliyochakaa bila mwenzake haina mnunuzi wa haraka. Ukikutana nayo, andika vitu vitano: namba ya noti, nafasi yake, bamba la uso, bamba la mgongo, na kama ina FW au haina. Kisha iweke kwenye bahasha ngumu, bila kuikunja, mpaka upate mwenye pacha wake.